Kipimo cha Pili Kimetoa Jibu Jingine: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Tiba ya Kukatika Pumzi Usingizini

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, akapimwa tena, na majibu yakaja tofauti. Huenda kipimo cha kwanza kilisema ugonjwa ni mkali na cha pili kikasema ni mdogo. Huenda uliambiwa koo linaziba, sasa unaambiwa shida iko kwenye ubongo. Au umeambiwa huna kitu kabisa, na bado unasinzia barazani saa nne asubuhi.

Wengi hukwama pahali pale pale: huchagua tiba mpya kabla ya kujua kwa nini namba imebadilika. Huyu anauza mashine yake ya hewa kwa sababu ameambiwa ugonjwa umepungua. Yule anaagiza kifaa cha meno mtandaoni bila kuonana na daktari wa meno. Miezi inapita, presha inapanda, na mke anaanza tena kuamka usiku kumtikisa mumewe avute pumzi.

Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa hali ya Lamu: stima inayokatika, maji ya kisima yenye chumvi, na vipimo vikubwa ambavyo ni safari ya Mombasa au Nairobi. Aliye Malindi atabadilisha machache tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ripoti zote mbili, kurasa zote. Barua ya daktari yenye mistari mitatu haitoshi. Unahitaji ile yenye majedwali na michoro. Ukiwa huna, iombe kule ulikopimwa, ni haki yako.
- Kumbukumbu za mashine yako ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, kama unayo. Nyingi huwa na kadi ndogo ubavuni au programu ya simu. Chukua za miezi 3 ya karibuni.
- Daftari. Kwa siku 14 andika saa ya kupanda kitandani, saa ya kuamka, mara ulizozinduka, na ulivyojisikia mchana.
- Mashine ya presha ya mkononi. Pima asubuhi kabla ya kahawa na jioni, ukiwa umekaa na kutulia dakika 5.
- Tepu ya fundi cherehani ya kupimia shingo, na mizani.
- Majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na unazonunua dukani bila cheti, na miraa au mogoka kama unatafuna. Usifiche. Vitu hivi hubadilisha majibu.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti usiku.
- Mtu anayelala chumba kimoja nawe. Yeye ndiye shahidi wako mkubwa, na ni vyema aje nawe kwa daktari.

Kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni, kinachouzwa kwenye maduka ya dawa, si lazima. Ukiangalia kidole ukiwa macho utaona 97 au 98, na haikuelezi chochote kuhusu saa tisa usiku.

## Hatua ya 1: Usiache tiba uliyo nayo

Kama unatumia mashine, endelea nayo mpaka umalize Hatua ya 3. Kipimo kimoja hakitoshi kufuta kingine, na ukiacha leo koo litaanza kuziba usiku huu huu.

Hapa kuna kosa moja linalojirudia kuliko yote. Mtu anaangalia kioo cha mashine asubuhi, anaona AHI (mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua kwa saa) ni 2, anasema, "Alhamdulillahi, nimepona." Ile 2 ni namba ya usiku uliolala *ukiwa umevaa* barakoa. Inaonyesha tiba inafanya kazi. Ni kama mgonjwa wa presha anayemeza kidonge, akapima 120 kwa 80, kisha akatupa vidonge.

Kama utapimwa tena bila mashine, muulize daktari unatakiwa kulala siku ngapi bila hiyo kabla ya kupimwa. Usijiamulie.

Tahadhari. Kama unasinzia mchana, usiendeshe gari, pikipiki wala boti mpaka hali itulie. Nahodha anayevusha abiria usiku kupitia mlango wa bahari wa Mkanda hana nafasi ya kupitiwa na usingizi hata sekunde 5, na dereva wa barabara ya Garsen ni vivyo hivyo.

Utajua umefanikiwa ukiwa na siku 14 kamili kwenye daftari, na hujabadilisha kitu.

## Hatua ya 2: Weka ripoti mbili ubavu kwa ubavu

Hii ndiyo hatua yenyewe, tenga jioni nzima. Tandika ripoti mezani na uchore jedwali la safu mbili, "kwanza" na "pili". Kisha jaza mstari kwa mstari.

AHI. Ni wastani wa mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua kwa saa moja. Ili tukio lihesabiwe lazima lidumu angalau sekunde 10. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. 5 hadi chini ya 15 ni ugonjwa mdogo. 15 hadi chini ya 30 ni wa kati. 30 na zaidi ni mkali. Mipaka hii imewekwa na watu ili kurahisisha kazi. Aliyetoka 16 akaja 14 amebadilishiwa jina la ugonjwa, mwili wake ni ule ule.

Mahali pa kupimia. Maabara ya usingizi hukubandika nyaya kichwani, kwa hiyo inajua ni saa ngapi ulilala kweli. Vifaa vingi vya kupelekwa nyumbani havina nyaya hizo. Hugawanya matukio kwa saa za kurekodi, hata zile ulizokuwa macho ukisikiliza adhana ya alfajiri.

Piga hesabu uone. Kifaa kimerekodi saa 8 na kuhesabu matukio 80. Themanini kwa 8 ni 10: ugonjwa mdogo. Lakini daftari lako linasema ulilala saa 5 tu. Themanini kwa 5 ni 16: ugonjwa wa kati. Usiku mmoja, mtu mmoja, majina mawili. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani kinachosema huna ugonjwa hakitoshi kumwondolea mtu shaka ikiwa dalili bado zipo. Hapo hupimwa tena, ikiwezekana maabara.

Kanuni ya kuhesabu. Tafuta sehemu ya ripoti inayoeleza jinsi pumzi iliyopungua ilivyohesabiwa. Kuna wanaohesabu oksijeni ikishuka kwa asilimia 3 au ukizinduka, na kuna wanaotaka ishuke kwa asilimia 4. Kanuni ya asilimia 4 hutoa namba ndogo zaidi. Ikiwa ripoti ya kwanza ilitumia 3 na ya pili 4, umelinganisha pishi na kilo.

Ulivyolala. Ripoti huandika "supine" kwa kulala chali. Andika saa ulizolala chali katika kila kipimo, na AHI ya chali peke yake. Maabara watu hulala chali sana kwa sababu ya nyaya. Nyumbani ulilala ubavu, namba ikashuka. Ikiwa AHI ya chali ni mara mbili au zaidi ya ile ya ubavu, ugonjwa wako unafuata mlalo, na hilo litakufaa Hatua ya 4.

Oksijeni. Andika kiwango cha chini kabisa, na hasa muda uliokaa chini ya asilimia 90. Kuna mwenye AHI ya 12 ambaye oksijeni yake huzama vibaya kila mara, na mwenye 20 ambaye haitikisiki sana. Ukiangalia AHI peke yake utawadhania kinyume.

Aina ya tukio. "Obstructive" ni koo limeziba huku kifua kikihangaika kuvuta. "Central" ni ubongo haukutuma amri ya kuvuta, kifua kimetulia tuli. Hesabu za kila aina huwa zimetenganishwa.

Mwili wako siku ile. Uzito, mafua, pombe, dawa za usingizi. Utafiti uliofuatilia watu huko Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa aliyeongeza uzito kwa asilimia 10 alitarajiwa kupanda AHI kwa takriban asilimia 32, na aliyepunguza asilimia 10 kushuka kwa takriban asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 9 tu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumaliza sentensi hii kwa maneno yako: "Namba imebadilika kwa sababu…" Mara nyingi sababu huwa mbili au tatu pamoja. Usipoweza, jedwali hilo ndilo la kumpelekea daktari. Litamwokoa dakika 20 za kupekua karatasi.

## Hatua ya 3: Tambua umeangukia kundi gani

Namba imeshuka kweli. Umepungua uzito, au umekatwa tonsili, na kipimo cha pili kilifanywa kwa ubora ule ule wa cha kwanza. Hongera, lakini mashine haiuzwi leo. Panga na daktari kupunguza kwa utaratibu na kupima tena.

Namba imeshuka kwenye karatasi tu. Kifaa, kanuni au mlalo vimetofautiana. Hapo ichukulie ile mbaya kuwa ndiyo ya kweli mpaka upimwe upya.

Namba imepanda. Tazama uzito, dawa mpya, pua iliyoziba, na kwa wanawake kukoma hedhi. Omba pia kipimo cha tezi ya shingo ya thairoidi; ikifanya kazi kwa uchache, usingizi na mkoromo huathirika.

Imetoka koo ikaenda ubongo. Kundi hili lisicheleweshwe. Sababu zinazojulikana ni moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, na dawa za jamii ya afyuni, ikiwemo tramadol ambayo wengine humeza kama peremende kwa maumivu ya mgongo. Wapo pia ambao pumzi za aina hii hutokea baada ya kuanza CPAP, na kwa wengi wao hutulia zenyewe kwa wiki au miezi kadhaa.

Unahitaji kipimo cha moyo cha picha, kinachoonyesha moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu. Sababu ni hii: kuna mashine ya juu zaidi iitwayo ASV, inayobadili nguvu ya hewa pumzi kwa pumzi. Utafiti mkubwa wa 2015 uliona vifo vya moyo vikiongezeka kwa waliotumia ASV wakiwa na aina hii ya ugonjwa na moyo unaosukuma asilimia 45 au chini. Usikubali kuuziwa ASV, mpya au ya mtumba, kabla namba ya moyo wako haijulikani.

Umeambiwa huna, na bado unasinzia. Jaza maswali ya Epworth, yanayopima unavyosinzia mchana: hali 8, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 24. Ukipita 10, usingizi wako wa mchana si wa kawaida na una chanzo. Hesabu kwanza saa unazolala. Anayekaa baraza hadi saa saba usiku na kuamka alfajiri hana haja ya mashine. Kisha angalia upungufu wa damu, sukari, msongo wa mawazo, na vidonge vya mafua na mwasho kama Piriton, ambavyo huleta usingizi mzito mchana.

## Hatua ya 4: Anza na vya gharama ndogo

Mlalo. Kwa mwenye ugonjwa wa chali peke yake, hiki ni kitu cha kujaribu kwa dhati. Chukua fulana inayobana, mpelekee fundi cherehani, mwambie ashone mfuko mrefu katikati ya mgongo, kuanzia usawa wa mabega hadi chini kidogo ya mbavu. Tia mipira 3 ya tenisi, na ashone mstari kati ya mpira na mpira ili isitembee. Mpira mmoja haufai kwa wengi; mwili huukwepa ukarudi chali nusu nusu.

Lala hivyo wiki 2. Mabega yakiuma, tatizo mara nyingi ni godoro lililobonyea au mto mwembamba: kichwa kikiwa ubavuni mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega.

Kuinua kichwa. Weka vipande vya mbao vya sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, vyenye shimo ili mguu usiteleze. Kurundika mito mitatu kunakunja shingo na kuliziba koo zaidi. Faida yake ni ndogo, ila humsaidia pia mwenye kiungulia.

Pua. Iliyoziba hufanya kila tiba iwe ngumu. Suuza kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na muulize daktari kuhusu dawa ya kupulizia ya steroidi. Zile dawa za matone zinazofungua pua papo hapo zisipite siku chache, maana pua huzoea na kuziba vibaya zaidi.

Vya kuacha. Pombe na vidonge vya usingizi hulegeza misuli ya koo. Miraa na mogoka huondoa usingizi, kisha mtu hutafuta kitu cha kumlaza, na hapo ndipo ugonjwa unapopewa nguvu mara mbili. Kubandika plasta mdomoni, kama inavyoonyeshwa kwenye video za simu, kwa mtu ambaye koo lake linaziba ni hatari. Na mtungi wa oksijeni peke yake haufungui koo. Unaweza hata kurefusha muda wa kukatika pumzi.

## Hatua ya 5: Irekebishe CPAP kabla ya kuikataa

Wengi wanaosema "mashine imenishinda" wameshindwa na barakoa. Nguvu ya hewa ya mashine hizi huwa kati ya 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji, na ukipewa barakoa isiyokutosha hata 8 itavuja.

Barakoa. Ijaribu ukiwa umelala, hewa ikiwa imewashwa, si ukiwa umekaa dukani. Kaza mikanda mpaka uvujaji ukome, kisha legeza kidogo. Alama nyekundu inayobaki puani hadi adhuhuri inaonyesha umekaza kupita kiasi au saizi ni kubwa. Mwenye ndevu ndefu huhangaika na barakoa ya uso mzima. Ile ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua humfaa zaidi. Ukiamka mdomo mkavu kama kaukau, unapumua kwa mdomo: jaribu mkanda wa kidevu au barakoa ya uso mzima.

Chandarua. Mpira wa hewa ukipita chini ya chandarua huacha upenyo wa mbu na huvutwa kila ukigeuka. Upitishe juu: funga kitanzi cha kitambaa kwenye mti wa chandarua upande wa kichwani, mpira ushuke kutoka hapo, na pale unapoingia chandarua kishikwe kwa kibanio cha nguo. Matundu madogo ya barakoa yasifunikwe na shuka. Ndiko hewa uliyokwisha kuitoa inakotokea.

Maji. Tanki la mvuke litiwe maji yaliyosafishwa kwa kutoneshwa (distilled water). Maji ya kisima cha Lamu yana chumvi, na kuyachemsha hakuitoi: maji huruka, chumvi hubaki, na utaiona imeganda nyeupe chini ya tanki. Kwa unyevu wa hewa ya huku, hasa wakati wa kusi, wengi wanaweza kulala bila tanki kabisa. Jaribu usiku 3.

Stima. Mashine isiyotumia tanki wala mpira wa joto hula takriban wati 30. Kwa saa 8 ni wati-saa 240. Ukipitia inveta, ongeza asilimia 15 zinazopotea: karibu 280. Betri ya maji ya volti 12 na 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Hizo ni usiku 2. Ukiwasha tanki, mashine inaweza kula wati 60 hadi 90, na betri ile ile itakutosha usiku mmoja kwa shida au isitoshe. Soma kibandiko cha mashine yako: baadhi hutaka volti 24, na ukiifunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 haitawaka. Nunua kigeuzi cha mtengenezaji.

Usafi. Mto wa barakoa uoshwe kila siku kwa sabuni laini, mpira na tanki mara moja kwa wiki, vikaushwe kivulini. Jiki haifai kabisa. Kichujio kikague kila wiki; nyumba ya makuti hutoa vumbi jingi kuliko ya dari ya boriti, na hewa ya bahari huacha chumvi.

Ramadhani. Usingizi hukatwa vipande viwili, kabla ya daku na baada ya alfajiri. Barakoa ivaliwe kote kuwili. Kipande cha pili ndicho watu wanachokisahau, na ndicho chenye ndoto nyingi, wakati koo linapolegea zaidi. Anayeona shaka kuhusu mvuke akiwa amefunga azime tanki, na amuulize sheikhe wake.

Utajua umefanikiwa kama kumbukumbu za mashine zinaonyesha AHI chini ya 5, uvujaji uko ndani ya kiwango cha mtengenezaji, na umevaa kwa usingizi wote. Saa 4 kwa usiku hutajwa sana na wenye bima kama kiwango cha chini cha kuhesabu, lakini mwili unataka zote.

## Hatua ya 6: Kifaa cha meno

Hiki huvuta taya la chini mbele ili ulimi usilale kooni. Kinafaa kwa ugonjwa mdogo na wa kati wa kuziba koo, au kwa aliyeshindwa kabisa na CPAP. Hakitibu aina ya ubongo.

1. Muone daktari wa meno kwanza. Unahitaji meno imara ya kutosha juu na chini, takriban 8 hadi 10 kila taya, na fizi zisizotoka damu. Mwenye meno ya bandia yote hawezi kukishika.
2. Kichongwe kwa umbo la meno yako. Vile vya kuchemsha na kung'ata vinavyouzwa mtandaoni hulegea, huchomoka usiku, na vinaweza kusogeza meno.
3. Taya huanza kusogezwa karibu nusu ya umbali linaoweza kufika, kisha huongezwa kidogo kidogo, nusu milimita hadi milimita moja kwa kila hatua, kwa wiki kadhaa. Anayeharakisha huishia na maumivu ya kiungo cha taya.
4. Asubuhi vua, subiri, kisha tafuna kwa upole mpaka meno yakutane kama kawaida. Mate mengi ya wiki za mwanzo hupungua. Mkao wa meno kubadilika baada ya miaka ndio unaohitaji kuangaliwa, kwa hiyo rudi kwa daktari wa meno kila mwaka.

Mkoromo ukinyamaza usifurahi haraka. Kelele inaweza kuisha na pumzi bado inakatika.

## Hatua ya 7: Dawa na upasuaji

Desemba 2024, Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya mara moja kwa wiki, kwa watu wazima wenye unene uliozidi na ugonjwa wa kati au mkali. Hufanya kazi kwa kupunguza uzito, kwa hiyo mwembamba haimhusu, na haichukui nafasi ya mashine tangu wiki ya kwanza. Usinunue sindano za mtandaoni zisizo na cheti cha daktari wala zilizosafiri bila ubaridi.

Upasuaji hutegemea koo linaziba wapi. Tonsili kubwa kwa mtu mzima zikiondolewa huweza kusaidia sana. Kukata kilimi na kaakaa laini huuma, na matokeo yake hayatabiriki. Muulize mpasuaji maswali mawili: ni sehemu gani hasa inayoziba kwangu, na utanipima tena lini baada ya kupona? Asiye na jibu la pili asikupasue.

## Hatua ya 8: Pima tena ukiwa na tiba uliyochagua

Kila tiba mbadala hupimwa ikiwa mwilini: lala na kifaa cha meno mdomoni, au na fulana ya mipira mgongoni. Kwa kifaa cha meno, pima baada ya kumaliza kusogeza taya. Kwa uzito, pima ukishapungua na kutulia. Kwa upasuaji, subiri kama miezi 3 uvimbe uishe.

Usipange kipimo ndani ya Ramadhani, wala wiki ya Maulidi nyumba ikiwa imejaa wageni. Kabla ya kuvuka Mokowe kwenda kupimwa, piga simu uulize: ni maabara au cha nyumbani, kanuni ni asilimia 3 au 4, na ripoti kamili utapewa mkononi? Omba kanuni ile ile ya mara ya kwanza ili ulinganishe sawa. Uliza pia bima. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo jibu ulilopewa zamani kuhusu mashine na vipimo usilitegemee. Pata jipya, kwa maandishi, kabla ya kulipa.

Nenda na daftari, jedwali la Hatua ya 2, na presha za siku 14. Mwenzako aseme anachokiona usiku. Mwisho muulize daktari: "Tiba hii ikishindwa, tutajuaje, na tutajua baada ya wiki ngapi?" Andika jibu na tarehe.

Usingoje tarehe hiyo ukipata maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpangilio, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, ulimi kuwa mzito, au miguu kuvimba na kukosa pumzi ukilala bapa. Nenda hospitali saa ile ile, hata kama ni kuamsha mwenye boti usiku wa manane.